Pepaweti ya kioo aliyoacha mzee, inasemekana ya Uskoti: nitamjuaje aliyeitengeneza?

Mwana_wa_Kirumba:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa yeyote anayejua mambo ya vioo vya zamani. Mzee wetu alifariki mwaka jana, alikuwa fundi mitambo wa meli hapa Mwanza, Bandari ya Kusini, miaka na miaka, na kwenye meza yake pale nyumbani Kirumba kuna pepaweti, yaani lile dude la kioo la kukandamizia karatasi, sisi wote tumezaliwa tumelikuta. Alikuwa anakandamizia stakabadhi na barua, na feni ikiwaka hakuna karatasi inayotoka pale.

Niielezee maana picha zangu zimetoka na mng'ao. Iko kama nusu ya chungwa, juu imevimba chini bapa, upana kama sentimita 7, na jamaa yangu wa dhahabu amenipimia kwenye mizani yake ikaja gramu 380. Ukiangalia kwa juu unaona katikati kuna ua moja limeundwa na vimirija vidogo vidogo, halafu kutoka kwenye lile ua zinatoka kama spoki za baiskeli, ila kila spoki ni utepe mweupe na zambarau umesokotwa kama kamba ya mkonge. Katikati ya spoki na spoki kuna vijiua vingine, njano, kijani, pinki iliyoiva, na vyote vimelala juu ya rangi ya bluu nzito, ile bluu ya ziwa ukisimama Capri Point saa tisa mchana. Karibu na ua moja la njano kuna kiputo cha hewa kidogo kama kichwa cha pini, tulipokuwa wadogo tulikuwa tunabishana kama mle ndani kuna maji.

Chini mzee alibandika kitambaa cha kijani kwa gundi ili isikwaruze meza. Alitusimulia alipewa na injinia mmoja Mskoti wa mambo ya meli, mwaka ule MV Victoria ilipoingia ziwani, na kwamba ilitengenezwa kwao Uskoti. Basi, hatujui zaidi ya hapo.

Sasa kaka mkubwa anataka iuzwe, kuna duka moja mjini wameiangalia dakika moja wakasema ni ya China, tukiwaachia watatupa elfu thelathini. Mimi hela sio shida yangu, mwezi ujao tuna kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mzee kule Magu, ukoo mzima utakuwepo, na nataka nikisimama na hii kitu mkononi niseme kitu cha kweli, nani aliitengeneza na wapi. Lebo haina, jina halina. Nianzie wapi?

Dogo_Igoma:
Pole sana kwa msiba kaka. Hiyo mimi naona ni ya Italia, Murano, wao ndio wanatengeneza hivyo vijiua. Niliona video moja wanavuta kioo kama asali. Cheki kama ina stika ya dhahabu.

Fundi_Vioo_Nyakato:
Mkuu pole kwa msiba. Mimi kazi yangu ni vioo vya madirisha na aluminiamu, hizo za mapambo sizijui kiundani, ila hicho kitambaa kinatoka vizuri tu na wembe, halafu kama chini kuna ukwaruzo niletee Nyakato nikupigie mashine ya kusugulia, chini itakuwa laini kama kioo cha meza na utaona rangi vizuri zaidi.

Mama_Kemondo:
Mwanangu wa Kirumba, pole kwa kufiwa na mzee, Mungu amlaze pema. Tafadhali usiipeleke kwenye mashine yoyote, na wewe Fundi usikasirike, kwa dirisha ungekuwa sahihi kabisa. Kwa pepaweti chini ndiko kwenye habari yote. Ukisugua chini umefuta jina.

Mimi nilikaa Perth kule Uskoti miaka kumi na moja nikilea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa nazo kama arobaini kwenye kabati. Kila jioni tulikuwa tunazitoa moja moja tunazifuta na yeye ananieleza, mpaka nikaanza kununua zangu. Ninazo tisa hapa nyumbani Kemondo. Kwa hiyo ninachokuambia nimekishika kwa mikono.

Kwanza uelewe hivyo vijiua vinatokea wapi, maana bila hapo hutaelewa kwa nini tunaweza kumjua mtengenezaji. Fundi anachukua kioo cha moto cha rangi, anakipa umbo kwenye kalibu, anakivika rangi nyingine, anakitia tena kalibu, mwisho anapata bonge fupi nene lenye mchoro ndani yake. Halafu wawili wanalishika huku na huku wanaenda kinyume wakilivuta mpaka linakuwa fimbo nyembamba kama penseli, na ule mchoro unabaki vilevile ila mdogo. Likipoa wanakata vipande. Ni kama unavyokata bamia, kila kipande kina nyota ileile. Vipande vinapangwa kimoja kimoja na koleo dogo kwenye sahani ya chuma, vinapashwa moto, vinanaswa na kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya fimbo ya chuma, kinaongezwa kioo kisicho na rangi juu, kinaviringishwa na kupewa ule mgongo, kinakatwa kwenye fimbo, kinawekwa kwenye tanuri lipoe taratibu sana, maana kikipoa haraka kinapasuka. Mtindo huu unaitwa millefiori, maua elfu kwa Kitaliano, ndiyo maana Dogo amefikiria Murano, na hajakosea sana, kule ndiko jina lilikotoka. Lakini za Murano mara nyingi maua yamebanana yamejaa mpaka ukingoni, hizo spoki za kusokotwa zenye nafasi katikati ni mtindo uliopendwa sana na Waskoti.

Sasa ukoo wenyewe. Na kweli ni ukoo, ukiwajua watu umejua vioo. Kulikuwa na mzee mmoja Mhispania wa Barcelona, Salvador Ysart, fundi kioo, alifika Uskoti mwaka 1915 na familia yake. Mwaka 1922 akaenda kufanya kazi Perth kwenye kiwanda cha John Moncrieff, na mwaka 1924 wakaanza kutengeneza vioo vya rangi vilivyoitwa Monart, ni Moncrieff na Ysart wameunganishwa. Watoto wake wa kiume nao wakaingia kwenye kioo. Mkubwa, Paul, ndiye aliyeshika pepaweti kuanzia miaka ya 1930 akawa bingwa kabisa, na zake nzuri zina kijiua kimoja kidogo ndani chenye herufi PY. Hizo ndizo watu wanatafuta kwa udi na uvumba.

Baada ya vita vya pili mzee Salvador na wanawe wawili, Vincent na Augustine, wakatoka kwa Moncrieff wakafungua chao palepale Perth, Paul akabaki. Vioo vyao vikaja kuitwa Vasart. Soma herufi: V ya Vincent, A ya Augustine, S ya Salvador, na -art ya mwisho wa Ysart. Bibi yule alipenda sana kunieleza hilo. Salvador alifariki 1955, Augustine akamfuata 1956, Vincent akabaki peke yake na mafundi.

Hapo ndipo inaingia kampuni ya wiski ya Teacher's. Vasart walikuwa wanawatengenezea chupa za wiski zilizolainishwa kwa moto zikalala bapa kama sahani, za matangazo kwenye baa, na oda ikawa kubwa kuliko kiwanda. Kwa hiyo 1964 kuingia 1965 Teacher's wakaingiza hela, kikajengwa kiwanda kipya mji wa Crieff, sio mbali na Perth, jina likabadilika likawa Strathearn. Mafundi wengi ni walewale, spoki zilezile, ila rangi zikakolea. Vasart ina rangi za kupoapoa kama khanga iliyofuliwa sana, Strathearn inapiga kelele zaidi. Halafu 1968 meneja wa Strathearn, Stuart Drysdale, akaondoka na baadhi ya mafundi akaanzisha Perthshire Paperweights hapohapo Crieff, hawa walikuwa wasafi mno kwa mkono, maua madogo yamepangwa kama shanga, na nyingi zina herufi P ndani. Walifunga 2002. Caithness wa kule kaskazini mji wa Wick walianza 1961, Paul Ysart alienda kwao mwanzoni mwa miaka ya 60 kufundisha vijana, ila Caithness za kuanzia 1969 utazijua haraka maana nyingi ni za kisasa, mapovu na mawimbi na sayari, na chini zimechongwa jina.

Kwa maelezo yako ya rangi na spoki, yako mimi naiweka kati ya Vasart, Strathearn na Perthshire. Sasa fanya hivi. Toa hicho kitambaa, lakini sio kwa wembe. Chukua maji ya uvuguvugu, sio ya moto, kioo kinene kikipata moto wa ghafla kinapasuka kutokea ndani, loweka kitambaa kingine, weka pepaweti juu yake chini kwa chini, acha hata usiku mzima. Gundi ikilainika sukuma na kucha. Halafu angalia katikati ya chini, pale ilipokatwa kwenye fimbo ya chuma. Mimi napaita kitovu, kwa sababu ndicho. Niambie kitovu kikoje, kimebaki na kovu la kukwaruza, kimesuguliwa kikawa kishimo laini, au kimepigwa muhuri? Na uangalie kila ua kwa ile lensi ya watu wa madini kama kuna herufi.

Na usiiweke dirishani. Jua la kwetu likipita kwenye ule mgongo linakusanyika sehemu moja linaunguza karatasi.

Fundi_Vioo_Nyakato:
Mama nimekuelewa na nashukuru, sijakasirika hata kidogo. Hilo la moto wa ghafla ni kweli tupu, sisi hata kioo cha meza mtu akiweka sufuria inayochemka tunaletewa vipande.

Mwana_wa_Kirumba:
Mama shikamoo, na asante sana. Nimesoma mara tatu na nimemsomea mama yangu pia.

Nililoweka jana saa mbili usiku, leo asubuhi kabla ya kwenda kazini kitambaa kimetoka chenyewe kama ngozi ya kidonda kilichopona. Gundi ilikuwa ya kahawia, nimeitoa kwa kucha na pamba. Sasa mama, katikati kuna kiduara kama kifungo cha shati, sio cha kuchongwa, ni kama kimebonyezwa kioo kikiwa bado laini. Mwanzoni sikuona kitu, nikaenda kibarazani nikakilaza upande jua likipiga kwa pembeni, nikaona SAMAKI. Amekunja mgongo, mkia uko chini, kama anaruka kutoka majini. Nimekaa chini palepale kwenye ngazi. Mama akauliza kuna nini, nikampa, akakishika akasema baba yako aliwahi kuniambia ile kitu ina samaki tumboni, nikajua ni maneno yake tu.

Miaka yote hiyo samaki alikuwa chini ya kitambaa na sisi tunakaa mji wa samaki. Herufi ndani hakuna, nimeangalia maua yote kwa lensi. Huyu samaki ni wa nani?

Dogo_Igoma:
Aisee nimesisimka. Ni sangara au sato?

Mama_Kemondo:
Marahaba mwanangu. Ni salmoni, samaki wa mito ya kwao, anaruka maporomoko akipanda kwenda kutaga. Na huyo salmoni anayeruka ni muhuri wa Strathearn. Walikuwa wanaubonyeza pale kwenye kitovu. Nimefurahi mpaka nimeenda kutoa yangu kabatini nikaigeuza kulinganisha, yangu imelalia rangi ya kijani, spoki nyeupe na pinki, samaki wake yuko hivyohivyo ulivyosema, mkia chini.

Kwa hiyo mtengenezaji umempata: Strathearn, mji wa Crieff, eneo la Perthshire. Mtu mmoja mmoja kwa jina sitakutajia, pale walikuwa mafundi kadhaa mezani na muhuri ni wa nyumba sio wa mkono wa mtu. Duka likisema China tena, geuza uwaonyeshe. Kuna pepaweti za China kweli, nyingi tu, lakini huyo samaki sio wao.

Ila kuna jambo moja nakuambia kwa heshima ya mzee. Hadithi ya mwaka ule MV Victoria ilipoingia ziwani haikai na huyu samaki. Meli ile iliingia majini 1961. Mwaka huo Strathearn haikuwepo, walikuwa bado Vasart, Perth, hakuna samaki. Muhuri huu ni kuanzia 1964, 1965 hivi, na mwisho ni 1980 kiwanda kiliponunuliwa na Stuart Crystal. Mzee wako hakudanganya, mtu akisimulia miaka arobaini mambo mawili makubwa yanaweza kushikana. Ulizia kama kuna karatasi au picha.

Mzee_wa_Bandari_Kusini:
Vijana hamjambo. Nimefuatilia hii tangu juzi, na kwa maelezo haya nadhani baba yako nilifanya naye kazi, ila majina tuyaache huku.

Victoria ilitengenezwa Glasgow, kiwanda cha Yarrow, ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kisumu. Hilo la 1961 ni sawa. Lakini mfahamu kwamba wale mainjinia Waskoti hawakuja siku moja wakaondoka. Meli zote za ziwa zilikuwa chini ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na matengenezo makubwa ya chini ya meli yalikuwa Kisumu kwenye chelezo, kwa hiyo sisi wa Mwanza tulikuwa tunapelekwa kule wiki kadhaa, tunalala kambini, tunafanya kazi na Wajaluo, Waganda, Waskoti, Wahindi. Wazungu walikuwa wanapewa likizo ndefu kwenda kwao kila baada ya muda fulani, na wakirudi wengine walikuwa wanaleta zawadi ndogo kwa mafundi waliowazoea. Mimi nililetewa kisu cha kukunja, ninacho mpaka leo. Hii iliendelea mpaka miaka ya 70, Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na meli zake.

Kwa hiyo mzee akisema alipewa na Mskoti wa Victoria anaweza kuwa sahihi, mtu ni yule wa Victoria, mwaka ndio mwingine. Tafuta kwenye makaratasi yake kitu chochote cha Kisumu.

Mwana_wa_Kirumba:
Shikamoo mzee wangu. Nimekuandikia pembeni nijue kama ni wewe yule ninayemfikiria, mama anasema kama ndiye basi ulikula kwetu sana.

Jana nilifungua lile sanduku la bati la mzee, nikakaa nalo kuanzia saa kumi mpaka giza. Kuna vyeti, kuna barua za mishahara, kuna vitambulisho. Ndani ya bahasha ya khaki nimekuta picha nyeusi na nyeupe, mzee kijana kabisa na ovaroli, mikono mieusi mpaka kwenye viwiko, pembeni yake mzungu mfupi mwenye kofia na pipa la mafuta nyuma yao. Nyuma ya picha ni mwandiko wa mzee, ule wa kulalia kushoto: "Kisumu, chelezo, 1967." Pepaweti haipo kwenye picha, siwezi kusema ndio siku aliyopewa. Lakini mzungu yupo, Kisumu ipo, na mwaka unakaa na samaki.

Na mama ameongeza kitu. Yeye aliolewa 1968 na anasema alipoingia ile nyumba pepaweti ilikuwa tayari ipo mezani, na kitambaa alibandika yeye, sio mzee! Alikata kipande cha nguo iliyobaki kwenye gauni la shangazi kwa sababu kile kifungo cha chini kilikuwa kinakwaruza meza mpya. Miaka yote hii tunasema mzee alibandika.

Kwa hiyo mama Kemondo, naweza kusema ni ya kati ya 1964 na 1968, si ndio?

Mama_Kemondo:
Ndio mwanangu, kabisa. Samaki anakupa mwanzo na ndoa ya mama yako inakupa mwisho. Mimi ninazo tisa na hakuna hata moja niliyoweza kuibana miaka minne namna hiyo. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie kile kitambaa ndicho kilichomtunza samaki, maana muhuri wa chini unaweza kulika kwa kuburuzwa mezani.

Kitambaa usirudishe kwa gundi. Weka chini yake kipande cha ngozi laini au sponji nyembamba isiyobandikwa, inatosha. Na kufuta ni maji na sabuni kidogo ya kuogea, kausha kwa kanga ya zamani.

Mwana_wa_Kirumba:
Nimempa, anaitikia marahaba. Kitambaa nimekitia kwenye bahasha ya khaki pamoja na picha.

Kaka mkubwa nimempigia nikamsomea yote, alinyamaza muda mrefu halafu akauliza samaki anaonekana vizuri? Nikamwambia mpaka umlaze juani. Akasema basi iletwe Magu, asiuze mtu. Amesema atamchukua yeye mwenyewe mzee wa bandari kwa gari kama afya inamruhusu, aje aongee kuhusu Kisumu.

Mzee_wa_Bandari_Kusini:
Inaruhusu. Nitakuja na kisu.

Fundi_Vioo_Nyakato:
Mkuu, kule Magu watoto watakuwa wengi na wote watataka kuishika. Pita Nyakato Jumamosi na vipimo, nikutengenezee kisanduku cha kioo cha milimita tano, chini nakiachia wazi na kioo cha kujitazamia kwa pembe ili samaki aonekane bila kuigeuza. Unalipia kioo tu, kazi ni rambirambi yangu.